Nilimwahidi hataadhibiwa akisema ukweli, sasa yuko nyumbani

Admin, naomba hili lipite bila jina langu, maana huku tunajuana mpaka kwa mwendo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 57, mzaliwa wa Chiola, Nachingwea. Nina mke na watoto watatu wakubwa. Nilikuwa rubani wa jeshi mpaka sikio langu la kushoto lilipokataa, nikaambiwa na madaktari nisirushe ndege tena. Nikarudi darasani nikasomea ualimu na vijana niliowazidi umri kwa mbali, na sasa ni mwaka wa kumi na moja nafundisha Fizikia sekondari moja huku Ruangwa. Sijawahi kujuta kuwa mwalimu, mpaka mwezi huu.

Kuna kitu nilitoka nacho jeshini. Tulikuwa tukitua, kabla hata ya chai, tunakaa chini na kila mmoja anataja kosa lake mwenyewe. Cheo kinawekwa pembeni, na kosa ulilolitaja kwa mdomo wako huadhibiwi nalo. Mtu anaweza kuona ni mambo ya kitoto, lakini mimi niko hai kwa sababu hiyo. Siku moja nimeshakaa kwenye ndege, mikanda nimefunga, fundi wetu mmoja wa cheo cha chini kabisa akanyoosha mkono akasema spana yake haionekani na anadhani ameisahau ndani. Nikashushwa. Ikakutwa palepale aliposema, imelalia nyaya za usukani. Mkuu wetu alimpa mkono yule fundi mbele ya kikosi kizima.

Basi nikaleta utaratibu huo darasani. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho tunakaa, naanza mimi kutaja nilichokosea wiki hiyo, halafu wao. Walimu wenzangu walinicheka sana, "Afande, hapa siyo kambini." Nikawaacha wacheke. Wanafunzi walianza kwa aibu, baadaye wakazoea, na somo likapanda kweli.

Sasa kuna binti wa kidato cha nne, nimwite Zuhura, siyo jina lake. Baba yake analima korosho na ufuta Nkowe. Huyu mtoto ana kichwa, nasema wazi. Ijumaa moja alisimama akasema, "Mwalimu, ile ameta mpya nimeiunguza mimi. Jumatano ulipotoka niliiunga moja kwa moja kwenye betri nione sindano itafika wapi." Ameta ni kifaa cha kupimia umeme, na tulikuwa na mbili tu nzima. Hakuna aliyekuwa anajua. Angenyamaza ningedhani imekufa yenyewe. Nikamshukuru, tukajifunza wote kwa nini inaungua, tukaenda nyumbani.

Kosa lililofuata ni langu, na linanitafuna. Kwa mazoea ya urubani niliandika kila kitu kwenye daftari la maabara, jina, siku na kilichotokea, nikaliacha mezani. Kule jeshini daftari kama hilo linasomwa ili mwingine asirudie. Hapa Jumatatu mwalimu wa nidhamu alilisoma akalipeleka kwa mkuu wa shule. Kufikia Alhamisi bodi ya shule ilishakaa, na Zuhura amesimamishwa masomo kwa muda usiojulikana kwa kuharibu mali ya shule na kukaa kimya siku mbili. Mimi niliitwa mwishoni, nikaelezwa tu kilichoamuliwa. Niligomba mle ofisini mpaka mke wangu akasikia habari zake sokoni kabla sijafika nyumbani.

Nilikodi bodaboda mpaka Nkowe kumwomba radhi baba yake. Mzee wa watu hakunifokea. Aliniuliza swali moja tu, "Mwalimu, mwanangu angenyamaza, leo si angekuwa shuleni?" Akaniambia shangazi yake Zuhura wa Nachingwea ameshamtafutia kazi ya kuuza duka la vipodozi, na wiki ijayo anakwenda kuanza. Mtihani wa taifa umebaki muda mfupi. Akishaanza kazi, kurudi kwake nasahau.

Nikarudi kwa mkuu wa shule, safari hii kwa upole. Akafunga mlango. "Mwalimu, bodi imeshasaini, siwezi kuwaambia walikosea. Ila andika barua kwamba wewe ndiye uliyeiunguza, na binti alijitwisha kosa kukutetea. Utapewa onyo la maandishi, yeye Jumatatu anaingia darasani. Hapo sote tunapona."

Onyo silijali, umri huu litanifanya nini. Ila maisha yangu yote sijawahi kusaini ripoti ya uongo, hata pale uongo ungeniokoa mimi. Na darasa zima lilimsikia Zuhura kwa masikio yao. Wakiona barua hiyo imemrudisha, nitawatazama vipi? Tayari jana Ijumaa nilitaja kosa langu kama kawaida, nikasubiri. Wanafunzi arobaini waliangalia madaftari yao mpaka kengele ikalia. Mke wangu anasema niandike, niache ujeshi, mtoto wa mtu anapotea. Naona ana haki, na bado mkono unagoma.

Jana hiyohiyo jioni nilimpigia Zuhura kupitia simu ya baba yake. Nilitaka nimweleze mwenyewe kuhusu ile barua, nikitegemea labda atalia, au atakasirika, au atanikataza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kabisa, "Andika tu, mwalimu. Na mimi nimeshajifunza, sirudii tena kusema."

Ndugu zangu, karatasi iko mezani na Jumatatu ni keshokutwa. Nishaurini, nisaini au nisisaini?