Siku Chomba Alipomsifu Kabaso

Pale Kalukungu, mtaa wa wachimba shaba, hakuna aliyepata kuwa na masikio kama ya Kabaso. Siku moja, akiwa kocha wa timu ya mtaa, alikuwa mazoezini amempa kipa mgongo, ameinama anafunga kamba za viatu, akasema bila kugeuka, "We Silvesta, hilo jino kaling'oe, linakusumbua tangu juzi." Silvesta hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake. Jino lilipong'olewa lilikutwa limeoza mpaka mzizi. Wapo wanaosema Kabaso alikuwa akisikia hata nyasi zikiota langoni, lakini hilo tuliache, maana pale langoni nyasi hazijaota tangu enzi za Mwingereza.

Masikio hayo aliyapata chini ya ardhi. Alichimba miaka ishirini na miwili, na kule chini taa ya kofia inamulika hatua tatu tu, vilivyobaki unavisikiliza. Mwamba husema kabla haujaanguka. Mwenzako naye kabla hajachoka, buti zake zinasema. Kuna siku Kabaso aliwatoa wenzake kumi na wanne mahali palipoporomoka dakika mbili baadaye, na wakubwa walipomuuliza alijuaje, akajibu, "Palikuwa na kimya kibaya." Wakubwa wakaandika kwenye karatasi zao kwamba ilikuwa bahati.

Mgodi ulipouzwa na watu wa rika lake wakarudishwa nyumbani, timu ya mtaa haikuwa na kocha, na Kabaso hakuwa na kazi. Wakaokotana. Namna yake ya kufundisha iliwachekesha wengi. Hakuwa na ubao wala filimbi. Kila Ijumaa alipita nyumba za wachezaji wake moja baada ya nyingine, akikaribishwa anakaa, anamega nshima, ugali wa kwao, tonge moja au mawili na dagaa wa kapenta, anasalimia akina mama, anaondoka. Haulizi kitu. Jumamosi anapanga kumi na mmoja wake. Winga aliyekula huku akitazama mlango anakaa benchi, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote. Beki aliyemwachia mdogo wake kipande cha samaki anacheza, na siku hiyo anacheza kama ana mapafu manne. Kwa mwendo huo timu ikapanda daraja, ikapanda tena, mpaka ikawa inacheza na timu zenye mabasi yao.

Sasa kulikuwa na Chomba.

Chomba alikuwa karani wa chumba cha taa pale mgodini, mtu wa tai na kalamu mfukoni, na baadaye akawa mwenyekiti wa timu. Yeye ni wa ukoo wa Mbuzi, Kabaso wa ukoo wa Chui, na Wabemba wa koo hizo mbili ni watani. Chui kamla mbuzi tangu dunia iumbwe, basi Mbuzi amepewa haki ya kumtukana Chui mpaka wafe. Mtani hakasirikiwi. Haombi radhi wala haombwi. Na hamsifu mwenzake mbele ya uso wake. Neno lake zuri analiweka, analitoa siku ya kuzika.

Basi kwa miaka yote ile, kila asubuhi Kabaso alipofika dirishani kuchukua taa, Chomba alimkabidhi na kumwambia wachimbaji wote wakisikia, "Shika, hii ndiyo akili yako ya leo. Jioni unirudishie." Jioni Kabaso anarudisha, anasema, "Pokea, mbuzi wewe, usiitafune." Foleni nzima inacheka. Mtu ambaye hakuyasikia maneno hayo kabla ya kushuka chini aliona siku imeanza vibaya.

Ikaja sheria ya chama cha soka kwamba hakuna kukaa kwenye benchi kama kocha mkuu bila cheti. Kabaso akapelekwa mafunzoni mjini Ndola wiki tatu, akakaa kwenye dawati pamoja na vijana wenye kompyuta mapajani. Kusoma alijua, ila taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kwenye mtihani kulikuwa na swali: mchezaji wako anapungua kasi kuanzia dakika ya sitini, eleza sababu. Vijana wakajaza kurasa mbili mbili za misuli na pumzi. Kabaso akaandika mstari mmoja: "Inategemea jana amelala kwa nani." Mwalimu aliusoma kwa sauti mbele ya darasa, na inasemekana mmoja alicheka mpaka akaanguka na kiti chake. Kabaso akapata thelathini na moja kwa mia.

Hakurudi analia. Alirudi ananyamaza, na mkewe, Bana Mwila, yaani Mama Mwila, alisema hilo ndilo lililomtisha.

Lakini mlango haukufungwa wote. Kocha mzee aliyeanguka mtihani aliweza kupewa cheti cha uzoefu, ikiwa mtu wa chama atakuja mtaani na kusikia kwa watu wanaomjua kwamba anafaa. Akatumwa Bwana Mubita, wa kabila la Walozi wa kule magharibi, mtu mpole wa suti ya kijivu na daftari jeusi. Chomba alijiandaa wiki nzima. Aliyaandika maneno ya kumsifu Kabaso, akayasoma mbele ya kioo, akayafuta, akayaandika tena. Kabaso asipokuwepo, hakuna mila iliyomzuia kusema kweli.

Kosa likafanywa na pasi. Bana Mwila aliipiga pasi suti pekee ya mumewe, akamwambia haiwezekani mgeni atoke mbali kwa ajili yake halafu yeye akae nyumbani kama kuku anayetaga. Kabaso akaenda. Alipoingia pale ukumbini na kuketi mstari wa mbele, Chomba, aliyekuwa amekwishasimama na karatasi mkononi, aliikunja karatasi ile taratibu akairudisha mfukoni.

Bwana Mubita hakujua lolote kuhusu utani wao. "Mzee wangu," akamwambia Chomba, "wewe umemjua mtu huyu miaka mingi. Ana akili ya kuongoza timu?"

Watu wakageuza shingo. Wengine walikwishaanza kutabasamu.

"Akili?" Chomba akasema. "Bwana mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa akili kila asubuhi dirishani, na jioni naichukua. Tangu mgodi uuzwe sijampa nyingine. Huyu hata wachezaji wake kama wametimia kumi na mmoja, tunamhesabia sisi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kabaso akacheka kuliko wote, kama inavyompasa, akajibu kwamba mbuzi hawezi kuijua akili maana hula karatasi ilipoandikwa. Bwana Mubita naye akacheka kidogo, huku kalamu yake ikitembea. Chomba akaiona kalamu. Akajisemea, acha utani uishe, nitamvuta nje nimweleze. Kabla utani haujaisha, dereva akapiga honi, walikuwa wakingojwa mjini Chingola, na Bwana Mubita akafunga daftari, akashukuru kwa uwazi wa wazee, akaingia garini. Chomba alilikimbiza gari lile mpaka barabara ya lami. Kiatu kimoja kilimtoka njiani, na mpaka leo hakijaonekana.

Aliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwamba shahidi anayebadili maneno hasikilizwi mara mbili.

Lililoumiza zaidi halikuwa benchi. Kabaso angeweza kukaa nje ya ukuta na kusikiliza mpira, masikio hayahitaji cheti. Lililoumiza ni kwamba yale maneno ya Chomba, aliyoyacheka miaka thelathini, siku ile yaliingia yakakaa. Alipokuwa na taa mkononi na watu kumi na wanne hai nyuma yake, utani ulikuwa utani. Sasa alikuwa na thelathini na moja kwa mia. Akawa anajiuliza kama wale wakubwa hawakuwa wamesema kweli, kama haikuwa bahati tu, ya mwamba na ya mpira pia. Kukasirika hakuruhusiwi. Kumuuliza mtani, "Je, ulimaanisha?" ni aibu kubwa kuliko kukasirika. Akalimeza swali lake, na pamoja nalo lile vumbi la mgodi lililokuwa kifuani siku nyingi, na vyote viwili vikaanza kumla.

Akaja kocha mpya, Mukuka, kijana mwenye digrii na adabu zake. Alifika kwa Kabaso, akapiga goti, akapiga makofi ya salamu kama alivyofundishwa kwao, akasema, "Ba Kabaso, nimekuja kuuliza. Hawa vijana nawaanzia wapi?"

Mwaka mmoja nyuma Kabaso angemshika mkono wapite kila jiko la Kalukungu. Akamtazama kijana, akatazama vidole vyake mwenyewe. "Mimi sijui, mwanangu," akasema. "Soma vitabu vyako. Wewe ndiye mwenye akili."

Mukuka alidhani mzee ana kinyongo. Hakurudi tena. Timu ikashuka daraja mwaka ule, ikielekea kushuka jingine.

Kifua kilipomwangusha kabisa, Bana Mwila alimtandikia kitanda dirishani, upande wa uwanja. Jumamosi moja mchana, mechi ikiendelea kule, Chomba akaja. Hakubisha hodi kwa matusi kama desturi yake. Aliingia kimya, akaketi kwenye kigoda, kofia mikononi. Bana Mwila akamletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe, na hakuunywa.

Kabaso alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Pumzi yake ilikuwa kama msumeno kwenye mti mbichi. "Namba nne anachechemea," akasema. "Mguu wa kushoto. Anaficha. Dakika kumi hivi watafungwa upande wake."

Kelele za uwanja zikapanda na kushuka. Haikufika dakika kumi, kikasikika kile kishindo cha mashabiki wa wageni, kidogo na kikali, na baada yake kimya cha Kalukungu.

"Kabaso," Chomba akasema, na sauti yake haikuwa ile ya dirisha la taa. "Siku ile nilikuwa na karatasi mfukoni. Niliandika kwamba katika wote niliowapa taa, na niliwapa maelfu, hakuna aliyekuwa na akili kama yako."

Bana Mwila, aliyekuwa mlangoni, akashika mwimo wa mlango.

Kabaso akafumbua macho. Alimtazama mtani wake. Ndilo neno alilolitaka kuliko cheti, kuliko benchi, neno lililomnyima usingizi mwaka mzima. Na lilikuwa lile ambalo mtani hulitoa siku moja tu, siku ya kuzika.

"Kumbe nimekwisha kufa," akasema.

"Hujafa."

"Basi nitukane."

Chomba akafungua mdomo. Mtu ambaye hakuwahi kukosa tusi tangu azaliwe, mtu aliyemtukana Kabaso siku ya harusi yake na siku ya kumzika mwanawe Mwila, alikaa pale mdomo wazi, na machozi yakamwingia humo mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Mbuzi mzee," Kabaso akasema taratibu. "Hata kutukana umesahau. Nani sasa hana akili?" Akataka kucheka, kikohozi kikamkamata, na kilipomwachia alikuwa mweupe midomoni kama aliyekula unga. Akapumzika. Kisha akaunyosha mkono wake juu ya blanketi, kiganja juu, vidole vimekunjika kama vimeshika kitu kizito kidogo.

"Jioni imefika, Chomba. Pokea."

Chomba akainuka kwenye kigoda. Akaja akasimama mbele ya kitanda kama alivyokuwa akisimama dirishani kule mgodini, akapokea kwa mikono miwili kile kilichokuwa hakipo, akakishika kifuani, na hakujua akiweke wapi.