Neno la Mwisho la Bibi Odile

Huyu Mwikwabe hakuwahi kukaa darasa la Kifaransa hata siku moja. Kifaransa chake alikiokota kwenye nguo. Ametoka Itiryo, ni dobi wa kambi ya watalii upande wa Ringwani, na mwalimu wake alikuwa mzee mmoja Mfaransa, bibi Odile, aliyekuja kila kiangazi, mwaka wa nne sasa.

Mwikwabe akichukua nguo asubuhi, waliagana kwa "atutalè", tutaonana baadaye, maana jioni zinarudi. Akizirudisha, "ademen", tutaonana kesho. Siku ya safari, "orvua", mpaka tuonane tena. Maneno hayo matatu aliyashika kama majina ya ng'ombe wake.

Juzi bibi akafunga mizigo. Mwikwabe alipomkabidhi shati la mwisho, bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtazama, akasema neno jingine kabisa. Adui.

Jamani, Mwikwabe alikauka. Huku kwetu neno hilo halitupwi ovyo. Akaanza kujichunguza: ameunguza nguo gani? Amepoteza kifungo? Wenzake wakaenda kumsindikiza mgeni garini, yeye akajificha nyuma ya kamba za nguo, jasho linamtiririka.

Luciana, mwongoza wageni, ndiye anayekijua Kifaransa chenyewe. Akaja kumtafuta.

"Baba Bhoke, bibi anakuulizia. Umenuna nini?"

"Mtu ameniita adui. Nimsindikize wapi?"

Luciana akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akamweleza kwamba si adui, ni "adieu", na Wafaransa hawaagani hivyo kila siku. Ni kwaheri ya kukutana kwa Mungu. Bibi anaumwa, na daktari wake ameshamwambia ukweli.

"Hatarudi, baba Bhoke."

Mwikwabe hakungoja zaidi. Alikimbia na kipande cha sabuni mkononi, gari nalo limeanza kusogea. Akagonga kioo, dereva akasimama. Bibi akakishusha.

Sasa lile neno alilijua, angeweza kumrudishia. Hakumrudishia.

"Ademen, bibi."

Bibi akajiziba mdomo. Dereva alishika usukani, hakuondoa gari.

"Ademen," akajibu.

Asubuhi iliyofuata, Mwikwabe alijikuta amesimama mlangoni pa hema la bibi, tupu sasa, kapu la nguo mkononi, anabisha hodi.