Meneja Aliyekataza Salamu

Nilisoma menejimenti chuoni miaka miwili, na kilichonibakia ni dharau. Elimu ile, tulifundishwa, ilizaliwa viwandani ng'ambo, pale injinia mmoja aliposimama nyuma ya mfanyakazi na saa mkononi, akapima kila mkono unavyoinuka. Baadaye wakaja wengine wakagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba binadamu akijuliwa hali hufanya kazi vizuri zaidi. Wakaandika vitabu vinene kuhusu ugunduzi huo! Tangu hapo kila kizazi hukipa kitu kile kile jina jipya. Nilifaulu mitihani yote, kisha nikarudi Lushoto kupanga plamsi kwenye makreti pamoja na mama.

Kikundi chetu kina banda kando ya barabara. Wakulima huleta matunda asubuhi, sisi tunachambua, lori linayashusha Mombo kwa mnunuzi. Msimu ule mama alitoa plamsi zote zilizoiva kwenye miti yake, kwa kuwa mnunuzi alisema mzigo wa kwanza ukifika salama, atatuchukua hadi mwisho wa msimu. Ili ufike salama, kamati ya kikundi ikatuletea meneja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Huyu alikuja, tukaugua.

Alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, na hakumwamkia mtu. Alisimama nyuma yetu, simu yake ikihesabu sekunde, akagundua kwamba muda wetu unaliwa na salamu. Hapo hakukosea. Kwetu salamu ni safari: shikamoo, marahaba, wa nyumbani, ng'ombe, shamba, na mwisho kabisa njia uliyopita. Habari mbaya hairushwi kama jiwe. Inangoja zamu yake, na zamu yake ni pale unapoulizwa njia.

"Jamani, salamu ni moja tu," akatangaza. "Habari, nzuri, kazi iendelee."

Siku ya mzigo, baada ya mvua ya usiku kucha, alipita mzee mmoja akitokea chini, matope hadi magotini. Mama akamwamkia, mzee akaitikia, kisha akasimama kungoja yanayofuata. Meneja akakohoa. Mama akainamia kreti. Mzee akatutazama mmoja mmoja, akadhani tumemnunia, akaenda zake.

Lori likapakiwa, likaondoka. Halikufika mbali. Kilima kilikuwa kimeporomoka alfajiri na kuifunika barabara, na mzee yule alikuwa ameuvuka udongo ule kwa miguu. Nyuma ya lori yakajipanga magari mengine, likakwama mbele na nyuma. Njia ilipofunguliwa, plamsi zilikuwa zinachuruzika majimaji, na mnunuzi alikuwa amekwisha kupata watu wengine. Nililia kwa hasira. Mama hakulia. Alikwenda kwa mzee kuomba radhi.

Na meneja? Meneja alirudi na elimu mpya. Kila asubuhi, alisema, tutasimama duara, na kila mmoja atatoa taarifa ya alikotoka, hali yake, na vikwazo alivyoviona njiani. Alilitaja jina la mkutano huo kwa Kiingereza. Wajumbe wa kamati wakampigia makofi, na mimi nikatamani kurudisha cheti changu chuoni.

Asubuhi ya kwanza zamu ikamfikia mama.

"Bibi, taarifa?"

Mama akamtazama usoni, akingoja. Kijana akaangalia simu yake, akatuangalia sisi, akahamisha mguu. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba naye ana mama.

"Shikamoo, bibi," akasema taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Haya. Mimi plamsi zangu zimeishia kwa ng'ombe. Zilizobaki mtini nitaziuza mwenyewe, kwa watu wanaoniuliza njia niliyopita."

Akajitwisha tenga lake tupu, akatoka kwenye duara.