Matabishi Hayaingii katika Bomba la Dawa

Habari ilinifikia sokoni Kasongo, kinywani mwa dereva wa lori la mchele aliyetoka Kabambare. Alikuwa hata hajazima gari. "Muzee, ule muganga wenu wa dispanseri ya Lusangi, tumemuzika." Nikamwambia zima moto kwanza, useme tena. Akasema tena. Wengine msiba huwajia kwa machozi. Mimi nilishikwa na woga, ule woga wa mtu mzima wa kutazama huku na huku kutafuta nani amebaki. Nilimwogopa yule bwana alipokuwa hai, na sasa naogopa zaidi kwa kuwa hayupo. Jina lake sitaliandika. Waliotibiwa naye wanalijua, na asiyemjua halitamsaidia kitu.

Wasomaji wangu mnanijua. Shule nilionja tu kwa mapadri, nikapata herufi na hesabu za kilo, basi. Mawese na mchele ndivyo vilivyonifanya mtu, wala sikubebwa na yeyote. Kwa hiyo habari za kupima msinifundishe. Kwetu kipimo kisicho na kilima ni tusi. Ukimpimia mama mchele, bakuli lijae mpaka limwagike pembeni, kisha umwongezee konzi moja juu: hayo ndiyo matabishi. Chupa ya mawese ikifika shingoni, mnunuzi bado amesimama, anakutazama tu, mpaka umtilie kidogo tena. Muuzaji asiyetoa matabishi tunamwita mchoyo, na kesho yake anakaa na mali yake peke yake, anafukuza nzi. Ni desturi nzuri, naitetea hata leo. Lakini ilitaka kuniulia mtoto.

Wakati ule nilikuwa nakaa nyuma ya Lusangi, na binti yangu wa kwanza alikuwa hajaanza kutambaa. Homa ikamshika. Tukampeleka dispanseri, mke wangu amembeba, mama yangu mzazi mbele ya wote kama kawaida yake. Muganga akachukua kinini ya maji, dawa ya homa, akaivuta kwa bomba la kioo lile la kudungia watu, ila sindano yenyewe ameitoa, maana dawa ilikuwa ya kumeza. Akalisimamisha bomba, akaligonga kwa ukucha mpaka povu la hewa likapanda juu, akasukuma. Hewa ikatoka, na dawa kidogo ikadondoka chini.

Mama yangu akapiga kelele. "We muganga! Unamwanga dawa ya mutoto mbele ya macho yetu?"

"Mama, ninatosha upepo, utoke inje. Upepo ukibaki mule, unakula nafasi ya dawa."

"Upepo! Basi utuongezee matabishi. Huoni mutoto ni mugonjwa sana?"

"Mama, hapa haiko soko. Na huyu mutoto haiko gunia."

Wagonjwa waliokuwa wakingoja wakacheka. Mama hakucheka. "Mchoyo," akasema, "kama Bula Matari, ile Serikali ya wazungu inayomulisha."

Kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia, muganga alitupa chupa ndogo ya kumalizia nyumbani, pamoja na bomba la zamani ambalo halishiki tena sindano. Alijua ile mistari midogo ya kwenye kioo hatuwezi kuisoma, akafunga uzi mwekundu mahali ambapo dawa inapaswa kukoma. "Jicho lilingane na uzi," akatuambia. "Musiangalie kwa juu, musiangalie kwa chini. Mukipita uzi, hiyo haiko dawa tena." Akamtazama mama yangu. Hapo nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukitazamia kwa mtu wa Serikali mwenye kaki iliyopigwa pasi. Alikuwa anaogopa.

Kesho yake nilirudi kutoka shambani nikakuta mtoto hanyonyi, anatapika, pumzi zinakatika. "Amekunywa dawa," mama akasema, "kama alivyosema yule." Tukakimbia naye katika tope. Muganga akamlaza mezani, akamfunua kope, kisha akapiga makofi karibu na sikio lake. Mtoto hakushtuka. Akapiga tena. Nimewahi kufukuzwa na nyati, nimevuka mto Luama umejaa, lakini sijasikia kitu cha kuogofya kama makofi yale yasiyojibiwa.

Bomba alikuwa ameshalijaza. Akalishika mkononi, akauliza, "Uzi ulipitwa?" Mke wangu alitazama chini. Mkwe hamshitaki mama wa mume. Mama akasema, "Nilitoa kama ulivyosema." Mimi nilikuwa shambani, sikuona.

Yule bwana hakupaza sauti. Alipiga magoti sakafuni mbele ya mama yangu. "Mama, miye sitakushitaki, na sitamwambia mutu. Kama ni homa imepanda, nitamupa kinini tena sasa hivi. Kama ni kinini imezidi, hii niliyoshika itamuua, na mwenye kumuua ni miye. Nitajua namna gani kama hausemi?"

Mama akamtazama mtoto pale mezani. Halafu akasema, taratibu sana, "Nilipitisha. Kidogo tu. Ni mujukuu wangu, ningemupimia kama mugeni?"

Muganga akasimama, akaimwaga dawa yote ya bomba sakafuni. Safari hii hakuna aliyempigia kelele. Akakaa na mtoto, akimdondoshea maji mdomoni, mpaka pumzi zikapata njia.

Mtoto alipona. Na mimi tangu siku ile, nikisikia watu wanamsifu muganga kwa kusema mkono wake hautetemeki, nakaa kimya. Niliyemwona mimi aliogopa, na woga wake ndio uliomfanya aulize kabla ya kusukuma. Leo dawa za maji zimejaa, hata Nyangwe zinauzwa kando ya samaki, na anayekuuzia anakupimia kwa kifuniko cha chupa, au kwa macho tu, tena anakuongezea ili urudi kwake. Anatabasamu, haogopi kitu. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Ndiyo, kibaba cha mchele. Katika bomba lile, haba yaweza kujaza kaburi. Sisi ni watu wa kilima, tumeletewa dawa ya mstari, na hakuna aliyetufundisha kuwa hapo ukarimu wetu haufai. Yule mmoja aliyejaribu, tumemzika.

Binti yangu sasa ana nyumba yake. Sikio la kushoto halikurudi, maana kinini ikizidi hula masikio; ukimwita kutoka upande huo hageuki. Mama yangu aliishi miaka mingine baada ya pale, na kila akija kukaa na mjukuu wake alichagua upande ule ule usiosikia, akiongea polepole karibu na kichwa chake. Sikumuuliza kamwe alikuwa anamwambia nini. Wasomaji, sitaki bibi mwingine akae upande huo. Mpendeni mtoto kwa mchele, kwa nyama, kwa kanzu mpya, mpaka imwagike. Dawa ikifika kwenye mstari, ondoeni mkono.