Mvuje Kwenye Ulanzi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Ukifungua baa Makambako, pale malori ya Zambia yanapopishana na ya Songea, usiposhuku watu utafunga mlango mwezi wa kwanza. Nashuku mteja anayecheka sana, nashuku na asiyecheka kabisa. Kwa hiyo mvua zilipoanza, mdogo wangu akatokea kutoka Dar es Salaam na kibegi kimoja cha nguo na sanduku zima la viungo, machale yalinicheza hata kabla hajakaa.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Nimechoka kazi za watu, dada. Nijaribu kitu hapa kwako, nikiona kinakwenda nifungue cha kwangu."

Miaka kumi na moja alikuwa kaunta ya vinywaji kwenye hoteli moja ya Wahindi, chini ya bwana mwenye asili ya Goa. Huyo ndiye aliyemfundisha kuchanganya. Tumezaliwa wawili tu, mama ametangulia, na zaidi yake sina mtu wa tumbo moja duniani. Ungedhani nilimrukia kwa furaha. Nilimpa chai, nikawa naliangalia lile sanduku.

Kesho yake akalifungua mezani. Maganda meusi ya tunda la Goa liitwalo kokam, ambayo ukiyaloweka yanatoa maji ya zambarau, makali kwa uchachu. Bizari nyembamba na chumvi nyeusi, walivyopenda wageni wa Kigujarati. Majani ya mchuzi makavu ya Wahindi wa kusini. Halafu kopo dogo lililofungwa mara tatu kwa nailoni. Nikalifungua. Jamani! Harufu ilinipiga puani nikarudi nyuma hatua mbili.

"Ni mvuje," akacheka. "Unatia chembe tu. Kinywaji kinakaa vizuri tumboni."

Mvuje niliufahamu. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa akiwafunga nao watoto shingoni kukimbiza mashetani. Sasa unatafuta nini kwenye glasi ya mteja wangu?

Lakini alichofanya na ulanzi, haki ya Mungu, hakuna aliyewahi kukifanya pale. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi. Milanzi, ile mianzi yetu ya pombe, inakatwa ncha asubuhi na jioni, na maji yake yanachacha yenyewe. Sisi tunaunywa hivyo hivyo. Yeye aliuchukua ukiwa bado mtamu, akauchanganya na kokam, tangawizi na ile chumvi. Siku za baridi kali, ukungu ukishuka mpaka reli haionekani, alitia pombe kali kidogo, iliki na majani ya mchuzi aliyoyakaanga. Madereva wakaanza kuulizana, "Leo mama mdogo katengeneza ya wapi? Ya Goa au ya Gujarati?"

Tatizo lilikuwa moja. Hakuwa anaonja.

Kwetu, ukimpa mtu pombe, wewe ndiye unayepiga funda la kwanza, kwenye chombo hicho hicho, mbele ya macho yake. Tunaita kutoa sumu. Hata soda inafunguliwa mezani mteja akiona. Mdogo wangu alilelewa hivyo hivyo, lakini alikuwa anamimina, anafuta glasi kwa kitambaa, anaiweka mbele ya mtu, basi. Siku ya kwanza aliniambia kwamba hotelini glasi ya mgeni haiguswi na mdomo wa mwingine, na yule bwana alikuwa mkali kwa hilo. Nikaona ni maringo ya mjini, nikaacha kumsikiliza.

Kibaya zaidi, kabla ya kumimina alikuwa anageuka upande wa ukuta na kuinua mkono wa kushoto mdomoni. Midomo inachezacheza, kisha anageuka. Kila glasi! Na mgongo wa ule mkono ulikuwa na doa la zambarau lisilotoka hata kwa sabuni. Nikajisemea, huyu ananuizia. Huyu kanifuatia baa yangu. Wateja watakuwa wake, na mimi nitabaki nafagia.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa namvizia tu, mithili ya paka.

Ndipo akaja mama mkubwa kutoka Igwachanya, dada wa marehemu mama, mzee wa usharika anayejiruhusu kikombe kimoja mvua ikizidi, kwa ajili ya kifua, anavyosema mwenyewe. Mdogo wangu akamtengenezea glasi yake kwa mapenzi yote, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili, akimwamkia kwa kikwetu.

"Kamwene, mama. Karibu."

Mama mkubwa akaishika. Akangoja. Mdogo wangu naye akangoja, anatabasamu, akitaka kusikia ladha ikoje. Mama mkubwa akaiweka glasi chini polepole, akaomba maji ya chupa.

Ningeweza kuiokoa ile siku kwa neno moja. Badala yake nikalipuka.

"Umeweka nini humo?"

Akanitazama kana kwamba hajaelewa. "Dada?"

"Nauliza umeweka nini! Na huko ukutani unanong'ona nini kila siku?"

Hakulia. Alichukua ile glasi, akaninyooshea mimi. "Onja wewe, dada. Wewe ndiye mwenye baa."

Nami, mbele ya watu wote, nikaweka mikono nyuma.

Asubuhi aliondoka kwenda Njombe, kwenye nyumba ya marehemu mama, mtaa wa Ramadhani. Alichukua nguo zake, sanduku akaliacha. Nilishuku hata hilo. Nikalisukuma kwa fimbo mpaka stoo.

Wiki ya tatu dereva mmoja wa mbao akaanza kunisumbua. Anataka ile ya Goa, amekuja nayo hamu tangu Tunduma, nami nimeshindwa nini? Nikaona aibu kusema. Nikaingia stoo, nikaloweka kokam, nikasaga tangawizi, nikachanganya na ulanzi mtamu, nikatia chumvi nyeusi na mvuje kwa kukisia. Jagi mkono wa kulia, kifuniko mkono wa kushoto, nikataka kujua kama chumvi imekolea. Kijiko kiko mbali. Nikadondosha tone mgongoni mwa mkono, nikageuka nisimwonyeshe mteja ulimi, nikalamba.

Nikabaki nimesimama hivyo hivyo, mkono mdomoni, uso ukutani. Nilipoushusha, doa la zambarau lilikuwa palepale lilipokuwa lake.

Ewe Mungu wangu. Alikuwa anaonja. Kila glasi aliyowapa watu, alikuwa ameionja kwanza.

Sikumpa hata yule dereva. Nilimimina yote kwenye dumu, nikafunga baa, nikapanda gari la Njombe. Njiani nilipanga maneno ya kusema, na nilipofika yote yalikuwa yamepotea. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama, amejifunga khanga juu ya sweta, anapalilia viazi kwenye manyunyu. Amekonda. Aliniona, akaendelea na jembe.

"Mdogo wangu, nimekukosea," nikasema. "Nimekukosea vibaya."

Nikachukua kikombe cha mama cha bati, nikamimina kutoka kwenye dumu. Kwa pupa nikamwaga nusu. Nikapiga goti kwenye tope, mimi mkubwa, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Akaegesha jembe, akajifuta vidole, akapokea, akanywa. Funda la kwanza, la pili, la tatu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwa haraka yangu ya kuomba msamaha, mimi ndiye sikuwa nimeonja.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Sijatoa sumu!"

"Nimeona," akasema.

Machozi yakanitoka pale pale, wala sikuyaficha. Yeye akaendelea kunywa mpaka akaona bati, akakunja uso.

"Umezidisha mvuje, dada," akasema, akaninyooshea kikombe nimwongeze.