Nati za Upande wa Kuke

Watu wa Kasongo wa umri wangu wakikuambia kwamba gari la mashindano la Bwana Chapuchapu lilitengenezwa na kaka yangu Sumaili, waitikie kwa adabu, kisha usiwaamini. Lilitengenezwa na wifi yangu Safi. Kaka yangu alikuwa na mikono tu. Masikio yalikuwa ya mkewe.

Na hayo masikio si maneno ya kupamba. Sumaili alianza kazi kijana kabisa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na miaka sita pembeni ya mashine zile ilimla masikio. Alipohamishiwa gereji ya kampuni hiyohiyo, ukimwita kwa nyuma mara tatu haitiki. Fundi asiyesikia injini ni mpishi asiyeonja mchuzi. Tena zama zile za Wabelgiji, aliyefukuzwa kazi ya kampuni alirudi kijijini kulima pamba ya lazima, na jembe halimuulizi mtu kama alikuwa fundi. Kwa hiyo uziwi wake ukawa siri ya watu watatu: yeye, Safi, na mimi Subira, dada yake mdogo niliyeishi nao uani. Alijifunza kusoma midomo. Aliyemsemesha kwa mbele hakugundua kitu.

Safi alizaliwa Nyangwe, kwa watu wa mtoni. Alipata mtoto mmoja na kaka yangu, Hawa, ambaye alifariki kabla ya kutambaa, lakini jina likabaki kwao: Mama Hawa, Baba Hawa. Baada ya msiba ule Safi hakutaka kukaa jikoni peke yake. Akawa anakwenda kukaa na mumewe kibandani, nyuma ya nyumba, alikotengeneza baiskeli na pikipiki za watu baada ya kazi. Siku moja alichukua mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, akaweka ncha moja juu ya injini ya pikipiki ya katekista, ncha ya pili akaibana na mfupa wa sikio.

"Baba Hawa," akasema, "kuna kitu iko nakohoa huku ndani. Siyo huku unafungua. Huku."

Kaka yangu akafungua pale alipoonyeshwa, akakuta ugonjwa. Tangu siku ile sombe yetu ilinuka mafuta ya mashine, nami nikalalamika mpaka nikachoka, kwa sababu nani angenisikiliza? Mmoja kiziwi, mwingine amebana mchi sikioni.

Mwaka wa hamsini na saba wazungu wa Kasongo walipanga mashindano ya magari kwa sikukuu yao ya mwezi wa saba: kutoka Kasongo mpaka Kabambare na kurudi, na kila dereva agongewe muhuri Wamaza, katikati ya njia, akienda na akirudi. Mmoja wao alikuwa mnunuzi wa pamba ambaye jina lake la kweli silijui hadi leo. Kila jambo kwake lilikuwa chapuchapu, basi watu wakamwita hivyo. Alikuwa na gari kuukuu la Kiamerika, limebonyea ubavu, na mkubwa wa gereji alikataa kazi za nyumbani za watu zisiingie kwake. Bwana Chapuchapu akalileta kwetu uani. Akamwambia Sumaili alitengeneze, na siku ya mbio watakwenda pamoja.

Majuma sita gari lile lilikaa kibandani. Waling'oa kiti cha nyuma ili liwe jepesi. Wakaongeza chuma cha springi kutoka kwenye lori lililokufa, liweze kuruka makorongo. Mianya ya milango waliiziba kwa vitambaa, maana vumbi la mwezi wa saba huko kwetu unalila kama unga. Kabureta waliiosha kwa petroli na unyoya wa kuku. Halafu ikaja kazi yenyewe, ya kulifanya gari lipumue vizuri. Safi anafumba macho, mchi sikioni, na kaka yangu ameshika bisibisi, hamtazami kitu kingine ila mdomo wa mkewe.

"Ongeza. Ongeza. Rudisha kidogo... Basi! Usiguse tena."

Bwana Chapuchapu alimkuta Safi siku moja katika hali hiyo, akaangua kicheko, akauliza kama ndiyo dawa ya wenyeji. "Ndiyo, Bwana," Safi akajibu, "dawa yenyewe, na iko naponesha." Mzungu akaondoka anacheka. Hata sisi tulicheka. Sijawahi kuwaona wale wawili na furaha kama majuma yale sita.

Gari lile lilikuwa na kioja chake. Nati za magurudumu ya kulia zilikazwa kwa kuzungusha kulia, kama nati zote za dunia hii, lakini za kushoto zilikazwa kwa kuzungusha kushoto. Wazee wetu bado waliita kulia mkono wa kuume, na kushoto mkono wa kuke. Kaka yangu alipogundua alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Hawa, njoo uone. Hizi ni za kuke. Basi za kwako hizi. Za kuume za miye."

"Na ukigusa za kwangu?"

"Miye niguse muke wa nani?"

Ikawa sheria ya nyumba. Gurudumu la kulia likitolewa, analirudisha Sumaili. La kushoto, Safi. Alikanyaga spana kwa mguu, uzito wake wote juu, na kusikiliza. Nati ikikaza, alisema, inalia fupi na nzito; ikiachia, inalia ndefu na nyembamba. Kaka yangu hakusikia hata mlio mmoja kati ya hiyo miwili, na kwa upande wake hakuhitaji. Mikono ilijua kulia tu.

Siku ya mbio tulisimama barabarani na mji mzima. Safi alikuwa amevaa kitenge kipya. Gari lilipopita alinishika mkono akaniambia, "Sikia, Subira, sikia! Haina kilio hata kimoja." Mimi nilisikia kelele tu, lakini nilisema ndiyo.

Yaliyofuata aliniambia kaka yangu mwenyewe. Walifika Kabambare wa pili. Kwenye kurudi waliwapita wenzao, wakafika Wamaza wa kwanza. Bwana Chapuchapu aliingia kwenye kibanda kugonga muhuri na kunywa kitu. Sumaili akazunguka gari, akaona mpira wa nyuma, upande wa kuke, unaisha upepo. Akatoa gurudumu la akiba, akalivalisha, akakaza nati polepole kwa kushoto, vizuri kabisa, kisha akalishusha gari chini. Ilibaki kukanyaga kila nati mara ya mwisho. Wakati huo mzungu akatoka anapunga mikono, chapuchapu, wenzetu wanakuja! Sumaili akakanyaga spana mara tano, haraka, kama alivyozoea upande wake. Kwa kulia. Kila nati ilitoa ule mlio mrefu mwembamba, na mtu wa kuusikia alikuwa Kasongo na kitenge kipya. Mzungu hakuambiwa hata kwamba gurudumu limebadilishwa.

Baada ya daraja la kwanza Bwana Chapuchapu akasikia kitu kinagonga nyuma. Akamgeukia Sumaili, akauliza, nawe unasikia? Sumaili alisoma midomo, akajibu kama fundi anayesikia: "Ni mawe, Bwana." Walipofika kwenye mteremko gurudumu lilitangulia mbele yao peke yake, gari likaingia korongoni. Mzungu alivunjika mguu na mfupa wa bega. Kaka yangu alitoka na mchubuko wa paji la uso.

Siku ya pili yake aliitwa boma. Bwana wa serikali alijua Kiswahili chetu vizuri.

"Weye fundi. Bwana anasema gari ilikuwa nagongagonga, akakuuliza, ukasema ni mawe. Masikio yako iko nzima?"

"Iko nzima, Bwana."

"Sasa ile gurudumu ya kushoto nani aliikaza?"

Kaka yangu aliniambia kwamba aliona njia mbili tu. Akisema amelikaza yeye mwenyewe, swali litakalofuata ni masikio. Basi akafungua mdomo, akasema lililokuwa kweli siku zote isipokuwa siku ile moja: "Za upande ya kuke hapana miye, Bwana. Iko kazi ya bibi yangu."

Askari akaja uani kumchukua Safi. Nilikwenda naye. Barazani pa boma, lile gurudumu lilikuwa limelazwa juu ya saruji, upande wa ndani ukitazama juu. Safi alilitazama. Ukingo wake ulikuwa na kiraka cha kuchomelea, kidogo kama ukucha, ambacho wao wawili walikichoma kibandani wiki tatu kabla. Lilikuwa gurudumu la akiba, lile alilolipakia mwenyewe nyuma ya gari asubuhi ya mbio. Nami nilikitambua kiraka kile. Safi alinyanyua macho akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini.

"Ni weye unakazaka magurudumu ya kushoto?" bwana wa serikali akauliza.

Neno moja lingetosha. *Hii ni ya akiba.* Nilimwona analishika mdomoni. Nilikuwa karibu kulisema mimi, Mungu ananijua, lakini alinibana mkono.

"Ndiyo, Bwana," Safi akasema. "Ni miye."

Wazungu wawili waliokuwapo walicheka, eti mwanamke fundi wa magari. Akapewa wiki mbili za jela na kufyeka majani kando ya barabara ya boma, mbele ya watu wote waliomjua.

Nilimpelekea chakula kila siku. Kaka yangu hakwenda hata siku moja. Alikaa kibandani. Siku ya tatu alinieleza mambo ya Wamaza, analia kama mtoto. Nikamwambia, "Yaya," kama tunavyomwita kaka mkubwa, "enda boma useme." Akasema, "Wakijua masikio yangu, tutakula nini?" Nikamuuliza, na muke je? Akainamia bisibisi yake. Sijui kama hakusikia au alisikia vizuri sana. Nilimchukia siku ile. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, nilimbebea chakula hata yeye, na nilimchukia kila nilipoweka sahani mbele yake.

Safi alipotoka alioga, akala, akafunga kitenge kimoja na sufuria yake ndani ya mkeka. Sumaili alisimama mlangoni. Safi hakumpigia kelele. Aliniambia mimi, tukiwa njiani namsindikiza:

"Angeniomba, Subira, ningesema ni miye. Ningesema mara kumi. Lakini hakuniomba. Alinitoa tu, kama mutu anatoa kuku."

Akaenda Nyangwe kwa kaka yake Ismaël.

Haikupita miezi mitatu. Mkubwa wa gereji alisimama nyuma ya Sumaili akamwita, akamwita tena, akamwita mara ya tatu na ya nne, wafanyakazi wote wamenyamaza wanatazama. Siku hiyohiyo aliambiwa aondoke. Kazi aliyoilinda kwa kumuuza mkewe ilimponyoka hivyohivyo, na akapewa shamba la pamba la kulima njia ya Kabambare. Alikonda. Mwisho akaniambia, "Subira, twende Nyangwe. Nimuombe."

Kwetu mume hamfuati mke aliyeondoka bila ndugu wa kusema naye, kwa hiyo nilikwenda. Tulifika kabla ya adhuhuri. Ismaël alitukaribisha vizuri, akatutandikia mkeka, kisha akaenda mtoni kumwita baba yao mdogo, mambo yasemwe mbele ya watu wazima. Safi alikuwa anageuza samaki juu ya kichanja. Kaka yangu akasema peke yake, bila kungoja wakubwa, kwa sauti ile ya viziwi isiyojua ukubwa wake. Alisema amekosa. Alisema nyumba imenyamaza hata yeye anausikia unyamavu wake.

Safi alimpa mgongo. Nadhani alikuwa analia na hakutaka aonekane. Alinijibu mimi, polepole, akiwa bado ameinamia samaki:

"Nitarudi. Ila aseme mbele ya Ismaël kama ile gurudumu aliikaza yeye. Ni hiyo tu."

Halafu akaingia ndani.

Kaka yangu hakuwa ameuona mdomo. Akanigeukia, uso wote umekuwa swali. "Amesema nini?"

Nilizikumbuka zile siku kumi na nne za jela. Nilimwona kibandani, ametulia, na mke wake anafyeka majani ya boma juani. Nikataka naye aonje, siku moja tu, wiki moja, kisha ningemwambia. Nikafungua midomo yangu vizuri asipate kukosea.

"Amesema uende."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo. Akainuka, akavaa kofia, akashika njia, hakungoja hata Ismaël. Nami nilibaki nimekaa. Sikumwita, angesikia nini? Kukimbia ningeweza. Sikukimbia. Kaka yangu alifia shambani kwake kabla ya masika kwisha, kwa homa ya siku mbili, na mimi nilikuwa bado natafuta siku nzuri ya kumwambia.

Siku ile pale Nyangwe, Safi alitoka ndani na kikombe cha maji cha kumkaribisha mgeni. Alikuwa ameosha uso. Akautazama mkeka, akatazama njia.

"Amekataa?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.