Tulipochagua Njia ya Wastani

Likizo ile niliitaka mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mume wangu alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado mzito; aliuburuta kama mtu aliyevaa buti lililojaa maji. Daktari alimwambia atembee, lakini asijitutumue, kwa sababu presha ikimpanda tena vile huenda asiamke. Mimi nilisikia "asijitutumue". Yeye alisikia "atembee". Tukafika Morogoro kila mtu na sikio lake.

Mwenyeji wetu alikuwa rafiki yake wa tangu kazini, Mluguru wa Matombo aliyestaafu na kujenga mjini. Mume wangu ni Mnyamwezi. Hao wawili ni watani, na anayeujua utani anajua maana yake: mmoja anaweza kumwita mwenzake mzoga mbele ya wakwe, na mwenzake hana ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa. Miaka yote nilicheka nao. Safari hii kila neno la mtu yule lilinichoma.

"Mnyamwezi wangu, umekuja kuzikwa?" Ndivyo alivyompokea pale stendi ya Msamvu, mabegi bado tumeyashika. "Ungenipa taarifa nikachimba mapema. Kiangazi hiki ardhi ngumu."

Mume wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikamchukia yule mzee palepale, hata maji ya kunywa sijapewa.

Baada ya chakula tukapanga matembezi ya kesho yake. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, yenye kivuli, kando ya mto hadi kwenye maporomoko. Mtani aliiita njia ya wajawazito. Ya mwisho ilikwenda kileleni, kazi ya kutwa nzima, na kuna mahali unapanda kwa kushika mizizi. Ya katikati ilipita kwenye mgongo wa mlima uliochomwa moto na kulimwa hadi ukabaki kipara, jangwa la vumbi jekundu na visiki vyeusi, kisha ikafika njia panda: kulia unazunguka na kuteremka, kushoto unaungana na njia ya kileleni. Nikachagua ya katikati. Si kwamba niliipenda. Nilijua nikiitaja ya mto tu, mume wangu atakwenda kileleni kwa hasira.

"Ya wastani," mtani alisema huku akinawa mikono. "Sawa. Nusu mtu, nusu mlima."

Mume wangu akacheka tena. Nilitamani kumwagia yule mtu maji yote ya kunawa.

Tuliondoka asubuhi. Jua lilipopanda hapakuwa na hata mti mmoja wa kujikinga, na vumbi lilitujaa mpaka kwenye meno. Nilitembea nyuma ya mume wangu, macho kwenye ule mguu. Tukakutana na bibi mmoja akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani, tukampa shikamoo.

"Marahaba. Huyo mgonjwa mnampandisha wapi?" aliuliza bila kusimama. "Hospitali iko chini."

Nilitaka kumkumbatia. Mume wangu aliongeza mwendo.

Kwenye njia panda tulikaa tukanywa maji, nikasema tushike kulia. Mtani akasimama. Akapinda mdomo upande, akaulegeza mkono, akaanza kuuburuta mguu wake wa kushoto kwenye vumbi huku akihema. Alimwigiza mume wangu barabara. Huo ni mchezo wa watani msibani: wanatembea kama marehemu, wanakohoa kama yeye, mpaka wafiwa wanacheka. Nimeuona mara nyingi. Sikuwahi kuuona ukichezwa mwenyewe anayeigizwa akiwa amekaa pembeni na chupa ya maji mkononi.

"Shemeji," nikamwambia, "hayo hufanywa msibani. Huyu hajafa."

"Amenuna!" alishangilia. "Mtani, mkeo amenuna!"

Mume wangu alicheka kicheko kikavu, akainuka. "Tunakwenda kushoto," alisema.

Basi nami nikafanya utani wangu, kwa kuwa mke wa mtani naye ni mtani. Nikawatangulia, nikalala chali katikati ya njia ya kushoto, vile watani wanavyojilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka wabembelezwe.

"Kaburi hili nimeliwahi mimi," nikasema. "Mnaotaka kupita, nibembelezeni."

Mtani alipiga makofi, alijua nimempata. Aliyenuna alikuwa mume wangu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kununa kwenye utani.

"Inuka. Unaniaibisha."

"Siinuki."

Kwetu mtu aliyelala harukwi. Hata mtoto ukimruka kwa bahati mbaya, unarudi ulikotoka. Mume wangu aliniruka makusudi. Mguu wa kulia ukapita juu ya tumbo langu, ukatua upande wa pili. Wa kushoto haukufuata. Aliuvuta, ukatetemeka, ukabaki palepale. Akasimama hivyo, mimi katikati ya miguu yake, jasho lake likinidondokea shingoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mtani akaacha kucheka. Akaja akamshika kiunoni, akamrudisha nyuma taratibu mpaka miguu yote miwili ikawa pamoja.

Mume wangu alinitazama pale chini. "Umeridhika?"

"Nimeridhika," nikamjibu. "Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai."

Tulishika njia ya kulia. Kwenye mteremko nilimnyooshea mkono, akaupiga kofi, akashika bega la yule aliyemwigiza kama maiti.